Namna ya Kuwa Maharaja kwa Siku Sita na Kutagaa kwa Siku Kumi

Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Aliyeitunga methali hiyo, nina hakika, hakuwahi kupanda hata mmoja. Mmoja anatosha. Mmoja, kilomita 25 kwa siku, siku sita mfululizo, kutoka ngome hadi ngome katika nchi kavu ya Marwar, jimbo la Rajasthan, India. Jioni, msamba ukishapasuka vizuri, unaletewa chai ya maziwa na mzee mwenye masharubu yaliyosokotwa kama kamba ya jahazi. Anakuinamia, nawe moyoni unajisemea: kumbe nilizaliwa kwa mambo haya. Hukuzaliwa kwa mambo haya. Umelipia. Lakini tulia, tutafika huko.

Ulaya nako makasri yapo. Ufaransa peke yake ina ya kutosha kumgawia kila shemeji yangu moja. Ila mengi ya kule unaingia kwa tiketi, kamba nyekundu inakuzuia kukalia kiti alichokalia Louis fulani, na jioni unatolewa nje pamoja na watoto wa shule. Rajasthan unalala ndani. Mwenye kasri yumo ndani, mama yake yumo ndani, mbwa wa mama yake wako juu ya kitanda chako, na kiti unakikalia. Kikivunjika, unaambiwa kilikuwa cha babu, kisha anaitwa fundi.

Kabla hujaaga watu

Fomu ya kwanza utakayojaza itakuuliza uzito, na hapo ndipo wengi wetu tunapoanza safari kwa uongo. Wenye farasi huweka kikomo, mara nyingi karibu kilo 90. Kwetu kitambi ni cheti: kinaonyesha kwamba mtu ameajiriwa, ameoa, na wifi zake hawasemi kitu. Farasi hasomi vyeti. Mimi niliandika 88. Sikusema uongo, nilikuwa 88 mwaka wa harusi yangu.

Nenda kati ya Novemba na Februari. Mwezi Mei joto la huko hupita nyuzi 40 na hata mbuzi hawatoki kivulini. Wala usidanganywe na neno "jangwa". Usiku wa Januari, ndani ya chumba cha mawe chenye dari ambayo mwanga wa taa hauifikii, utaikumbuka Njombe. Beba sweta, na kama unatokea Kenya au Uganda, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, la sivyo ngome yako ya kwanza itakuwa karantini ya uwanja wa ndege.

Utaambiwa ufanye mazoezi kwanza. Ufanyie wapi? Farasi tunaowajua sisi ni wa polisi, wa mashindano ya Ngong, na yule wa ufukweni anayepiga picha na maharusi. Mimi nilijivunia punda wa Lamu niliokuwa nikiwapanda utotoni kwa wajomba. Nawaonya wenzangu: punda ana adabu moja kubwa, kwamba ukianguka, umeanguka kutoka chini. Farasi wa Marwar mgongo wake uko usawa wa kidevu cha mtu wa kimo cha kati. Kutoka pale juu una muda wa kutosha kuwaza kabla hujafika.

Suruali usinunue nyumbani. Subiri ufike Jodhpur, mji uliozipa jina suruali za wapanda farasi duniani kote: pana mapajani, zinabana kuanzia gotini hadi kifundoni. Sir Pratap Singh, wa ukoo wa kifalme wa mji huo, alikwenda nazo London mwaka 1897, kwenye sherehe za miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria, akiwa na timu yake ya polo, na Waingereza wakaziiga. Fundi cherehani atakupima asubuhi na jioni unavaa. Mbele ya kioo utajiona kama picha ya kale. Ukigeuka ubavu utajiona kama chungu kilichotiwa miguu.

Badal

Nilipoambiwa farasi wangu anaitwa Badal, nilidhani wangu halisi anaumwa na huyu ni wa badala. Badal ni wingu. Lugha zetu mbili ni jamaa wa mbali ambao wamekutana msibani: wanafahamiana sura, majina wanachanganya. Ukisema dunia, kalamu, sabuni, rangi, chai, wanakuelewa. Lakini usiulize njia ya kwenda bandarini, kwa kuwa bandar kwa Kihindi ni nyani, na utapelekwa hekaluni walipo nyani.

Neno litakalokuokoa ni saisi. Kwetu limebaki kwenye kamusi pamoja na vitu vingine tusivyovitumia. Kule saisi ni mtu hai, mfupi, anayekutandikia farasi, anayejua kwamba umeandika 88 na kwamba si kweli, na asiyemwambia mtu. Shika urafiki naye kabla ya kushika hatamu. Yeye atakuonyesha kwamba farasi hupandwa kutoka kushoto, kwamba mguu huingia kwenye kikuku kwa ncha tu wala si hadi kisigino, na kwamba kumvuta farasi lijamu kwa hasira ni sawa na kumvuta mkwe masharubu.

Sasa mtazame farasi mwenyewe. Masikio ya Marwari yamepinda kwa ndani mpaka ncha zinakaribia kugusana, mengine yanagusana kabisa, kama watu wawili wanaokusengenya. Ukishapanda, unaitazama nchi yote kupitia pale katikati: mchanga, mimea ya miiba, mwanamke mwenye mtandio mwekundu na kuni kichwani, vyote vimewekwa ndani ya fremu ya nywele. Hayo masikio yana historia. Farasi hawa walizalishwa kwa vita na Warajputi, tabaka la wapiganaji la huko, na mapokeo yanasema Marwari hutoka uwanja wa vita kwa njia tatu tu: ameshinda, amekufa, au amembeba bwana wake aliyejeruhiwa. Kila mtoto wa Rajasthan anakijua kisa cha Chetak, farasi wa Maharana Pratap, ambaye mwaka 1576 huko Haldighati alimrukia tembo wa jemadari wa Akbar, mfalme wa Wamughali, akakatwa mguu, na bado akamtoa bwana wake vitani kwa miguu mitatu kabla ya kufa. Hata juzi juzi, Septemba 1918, wapanda farasi wa Jodhpur waliteka mji wa Haifa kwa mikuki huku wakimiminiwa risasi za bombomu.

Badal, mjukuu wa mashujaa hao, saa nne asubuhi ya siku ya kwanza aliona mfuko wa plastiki wa buluu umenasa kwenye kichaka. Aliondoka uwanjani kwa njia ya nne.

Sitaeleza sana. Nitasema tu kwamba mkono wa kushika hatamu haufai kushika nywele za shingo, lakini nywele za shingo ndizo zilizoniokoa, na kwamba saisi alinikuta nimemkumbatia farasi kama mtu aliyeagwa stesheni. "Badal hapendi buluu," aliniambia. Tulikuwa tunatoka Jodhpur, mji unaosifika kwa nyumba za buluu.

Kwa mwendo, fahamu ni aina tatu zitakazokuhusu. Wa kwanza ni hatua za kawaida, ambazo utazipenda. Wa pili ni mchakamchaka, ambapo inabidi uinuke na kukaa kwa mapigo yake: ukiinuka wakati wa kukaa, tandiko linakufuata juu na mnakutana njiani. Mimi niliimba kimoyomoyo nyimbo za mchakamchaka wa shule ya msingi, na ndilo jambo pekee nililofundishwa shuleni lililonifaa Rajasthan. Wa tatu wenyewe wanauita revaal, nasi watu wa punda tunao mwendo wa jamii hiyo tunaouita telki: wa haraka, wa kuteleza, mgongo hautikisiki. Marwari wengi huzaliwa nao. Niliambiwa Badal anao. Kwa siku sita sikuuona.

Usivunje kijiti

Siku ya pili utapita vijiji vya Wabishnoi, na hapa kuna kanuni moja: usivunje kijiti cha kumchapia farasi. Usimfunge kwenye tawi bichi. Ukikuta swala wanatembea kati ya nyumba kama kuku, usishangae kwa sauti, ni wa hapo hapo.

Sababu ni chokaa, na msomaji wa Pwani ataielewa kuliko mwingine, kwa kuwa anajua nyumba ya mawe huanza na tanuri, na tanuri halili maneno. Mwaka 1730 Maharaja Abhai Singh wa Jodhpur alikuwa anajenga kasri jipya, na watu wake wakatumwa kijiji cha Khejarli kukata miti ya khejri iwe kuni za kuchomea chokaa. Dini ya Wabishnoi, yenye kanuni 29, inakataza kukata mti mbichi. Mwanamke mmoja, Amrita Devi, aliukumbatia mti. Akakatwa yeye. Binti zake wakafuata, kisha majirani, kisha watu wa vijiji vingine, mpaka wakafika watu 363. Ndipo Maharaja akapiga marufuku kukata miti katika vijiji vyao.

Nilishuka pale nikamwongoza Badal kwa miguu, ingawa hakuna aliyeniambia nishuke.

Jioni ile, kasrini, waliandaa ker sangri, mboga kavu ya kienyeji yenye uchachu. Sangri ni maganda ya mti huo huo wa khejri. Chakula kikuu kilikuwa laal maas, nyama nyekundu kwa pilipili za Mathania. Mwenyeji atakuuliza kama unakula pilipili. Sisi tukiulizwa hivyo tunaona tumetukanwa, tunajibu kwa kiburi. Jibu kwa unyenyekevu.

Mgeni njoo

Kuingia ngomeni juu ya farasi ni jambo la kupigiwa picha, kwa hiyo jiandae kuumia goti. Njia ya kufikia lango la ngome ya Kirajputi imekatwa kona kali kwa makusudi, ili tembo wa adui asipate nafasi ya kushika kasi, na milango mingi ina miiba ya chuma ili akija kusukuma kwa paji la uso ajutie. (Milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yenye njumu za shaba husemwa kuwa imerithi mtindo huo kutoka India, ingawa tembo wa mwisho kuvamia Forodhani sijamsikia.) Farasi wako anaijua kona. Wewe huijui. Ukuta unalijua goti lako.

Ukishashuka, maana yake ukishashushwa, utapakwa alama nyekundu kwenye paji la uso, utavishwa shada la maua, na utafungwa kilemba chenye urefu wa mita kadhaa. Furahi, lakini ukumbuke lugha yako ilivyokukanya kuhusu kilemba cha ukoka. Mwenyeji atakwambia umekaa vizuri sana juu ya farasi. Atakwambia umezaliwa mpanda farasi. Nyuma yake, saisi atakuwa anatazama viatu vyake.

Salamu yao ni "khamma ghani". Na kila utakachosema, mtumishi atakujibu "hukum". Naomba maji. Hukum. Naomba taulo lingine. Hukum. Usiku wa kwanza nililala nikidhani nimekwisha hukumiwa na kesho ni kunyongwa. Ni neno la heshima tu, kama "naam, bwana". Lina nasaba na hukumu yetu, ila kule limelainika kwa kutumika mezani.

Mwenye kasri si maharaja. Maharaja wa kweli wa Jodhpur ana lake, Umaid Bhawan, lenye vyumba 347, lililokamilika mwaka 1943 baada ya kuanzishwa ili kuwapa kazi wananchi waliokumbwa na njaa. Na hata yeye sehemu moja ameifanya hoteli. Mwenyeji wako ni thakur, bwana mdogo, ambaye mababu zake walimiliki vijiji kadhaa na kumpelekea mfalme wapanda farasi vitani. Uhuru ulipokuja mwaka 1947, India ilikuwa na tawala za kifalme zaidi ya 500, na moja baada ya nyingine zikaunganishwa. Mwaka 1952 sheria ya Rajasthan ikawanyang'anya mathakur mashamba waliyokuwa wakiyatoza kodi. Mwaka 1971 serikali ya Indira Gandhi ikafuta vyeo vya wafalme pamoja na posho walizoahidiwa. Mathakur wakabaki na kuta nene, paa zinazovuja, na farasi wasio na vita. Wengi wa farasi hao waliuawa au kuishia kukokota mikokoteni.

Halafu ukaja wewe na tumbo lako.

Mgeni njoo, mwenyeji apone: sijawahi kuona mahali methali hii inatekelezwa kwa risiti isipokuwa hapa. Aliyekuwa akikusanya kodi ya mavuno sasa anakusanya ada ya chumba, chai ya asubuhi ikiwa ndani yake. Uzuri ni kwamba wote mnajua. Thakur anajua kwamba wewe si lodi, nawe unajua kwamba upanga ukutani haujachomolewa tangu babu yake alipoukatia keki. Mnaigiza kwa nyuso kavu, na kwa fedha hizo paa linazibwa na farasi wanazaliwa. Anayekataa kuigiza ni Badal peke yake.

Basi fika chumbani. Ngazi hazilingani hata mbili, na milango ni mifupi ili adui aingie ameinamisha kichwa. Utaingia hivyo hivyo. Taa ina swichi tisa. Ya nane ndiyo ya taa, ya tisa inazima pampu ya maji ya kasri zima. (Samahani tena kwa familia ile.) Ukutani kuna picha za mababu sita, wote wana masharubu, wote wanakutazama unavyovua suruali kwa mikono miwili na miguno. Kitandani umetiliwa chupa ya mpira yenye maji ya moto. Usipoambiwa, utaigusa kwa mguu gizani na kupiga kelele iliyowahi kupigwa humo mara ya mwisho na Wamughali. Saa kumi na moja alfajiri tausi watapanda juu ya paa. Ndege huyu Mungu amempa mavazi yote, sauti akamnyima; analia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Mafuta ya nazi ulibeba? Jichue. Usimwombe mtu akusaidie mahali hapo panapouma.

Siku utakayotembelea Mehrangarh, ngome kubwa ya Jodhpur iliyoanzishwa na Rao Jodha mwaka 1459, simama kwenye lango liitwalo Loha Pol. Ukutani kuna viganja vidogo vilivyochongwa, vimepakwa rangi nyekundu. Ni alama za wake wa Maharaja Man Singh waliokwenda kuchomwa motoni pamoja na maiti yake mwaka 1843. Usipige picha ukiwa umeweka kiganja chako juu. Niliona watu wakifanya hivyo.

Tahadhari nyingine ni kasumba, nazo ziko mbili. Ile ya kwanza ni ya kweli: vijijini wazee wanaweza kukukaribisha maji ya kasumba kwenye kiganja, desturi ya kale ambayo sheria haiipendi. Shika kifua, inama, kataa. Ya pili inanyweka mezani, baada ya chakula, pale mgeni kutoka nchi fulani yenye mvua atakapovuta pumzi na kusema jinsi mambo yalivyokuwa na utaratibu enzi za Waingereza. Hii haina harufu wala sheria inayoikataza. Nilimuuliza babu yake alikuwa nani enzi hizo. Alikuwa mpika mikate. Basi enzi hizo, nikamwambia, sisi wawili tungekuwa tunakula jikoni, na thakur alicheka mpaka akatoa miwani.

Siku ya tatu

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ya tatu, saisi alinikabidhi brashi, akanionyesha Badal, na akaenda kunywa chai. Nikampiga brashi farasi saa nzima, nikamchokonoa kwato, nikazoa kinyesi kwa beleshi, na nikaomba mtu anipige picha nikifanya hivyo. Kwenye bei ya safari kazi hiyo imeandikwa kama burudani. Tangu siku hiyo namheshimu sana aliyeibuni.

Siku ya sita huletwa daftari. Thakur mwenyewe anavaa miwani, analowesha kidole, na anakuandikia hesabu kwa mwandiko wa shule za zamani: soda mbili, kufuliwa soksi, swichi. Bakshishi ya watumishi unatia kwenye kisanduku cha mbao mlangoni. Ya saisi mpe mkononi, na usiwe bahili, kwa kuwa anajua uzito wako.

Nilimpa. Akashukuru, akamvua Badal tandiko, akalitupa kwenye jipu la mizigo. Kisha akaruka mgongoni mtupu, bila vikuku, glasi ya chai mkono wa kulia, akabofya ulimi mara moja. Wakaondoka kwa telki iliyonyooka kama boti kwenye maji tulivu, masikio mawili yamegusana, kupita mbele ya ukuta wa buluu. Chai haikumwagika hata tone.